Matunzo ya mtoto si bei ya kumwona

Kuna kauli mbili zinazozunguka mitaani kwetu, kuanzia Unga Limited na Ngarenaro jijini Arusha hadi Pasua na Njoro pale Moshi, na karibu kila ugomvi wa wazazi walioachana huishia kwenye mojawapo. Ya kwanza ni ya baba: "Hunipi mwanangu, sikupi hela." Ya pili ni ya mama: "Hutoi hela, mtoto humwoni." Kila mmoja anaiona yake kuwa haki tupu. Hata wazee wa pande zote mbili wakiitwa kusuluhisha, mara nyingi wanachofanya ni kupatanisha bei tu: baba alete kiasi fulani, ndipo mtoto aende kwake Jumamosi na Jumapili.

Biashara hiyo haina mguu wa kusimamia katika sheria za Tanzania Bara. Matunzo, yaani chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, ni deni la mzazi kwa mtoto. Kumtembelea mzazi na kukaa naye ni haki ya mtoto huyo huyo. Baba asipolipa, mtoto hapotezi haki ya kumwona baba yake. Mama akimficha mtoto, baba hapati ruhusa ya kuacha kulipa. Kila kosa lina mlango wake mahakamani, na anayefungua mlango mmoja hazuiwi kufungua wa pili. Maswali mengi ninayoyasikia kuhusu watoto baada ya wazazi kuachana yangekwisha nusu kama tungekubali kuyatenganisha mambo haya mawili.

Sheria zinazohusika hasa ni mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka jukumu la matunzo kwa baba kwanza, hata kama mtoto anaishi kwa mtu mwingine, na inamgeukia mama pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hawezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imepanua wigo: mahakama ikipanga matunzo inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili. Sheria hii ya pili ndiyo iliyoifuta ile ya enzi za mkoloni iliyohusu watoto wa nje ya ndoa, ambayo ukomo wake wa matunzo ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikaa vitabuni hadi mwaka 2009, wakati kilikuwa hakitoshi hata mkate.

Hicho kipengele cha kipato cha wazazi wote wawili kimegeuzwa silaha. Utamsikia baba akisema, "Na yeye ana genge lake soko la Kilombero, kwa nini nitoe mimi?" Ni kweli sheria inamtazama na mama. Lakini mama anayeishi na mtoto tayari anachangia kwa kupika, kufua, kuuguza usiku na kufunga genge mapema siku ya kikao cha wazazi shuleni. Kwa maoni yangu, hakimu anayegawa gharama nusu kwa nusu bila kuuhesabu mchango huo anakuwa amemtoza mama mara mbili.

Sasa niliseme jambo ambalo limeleta maumivu mengi kuliko yote: miaka saba. Nenda popote kati ya Sakina na Himo utaambiwa kwamba mtoto akitimiza miaka saba anakwenda kwa baba. Watu wanalisema kwa uhakika kabisa, na wapo akina mama wanaofungasha begi la mtoto siku ya kuzaliwa kwake ya saba wakilia, kwa sababu wameaminishwa kwamba wakikataa watafungwa.

Hakuna sheria inayosema hivyo. Kinachosemwa na Sheria ya Ndoa ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba anadhaniwa kuwa ni vema akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Papo hapo sheria inaitaka mahakama ikumbuke kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Baada ya miaka saba dhana hiyo inakoma, basi. Haihamii kwa baba. Kuanzia hapo mahakama inatazama mtoto mwenyewe: anaishi vipi, anasoma wapi, nani amekuwa akimlea, ndugu zake wako wapi, na yeye mwenyewe anasemaje kama umri unamruhusu kuwa na maoni yake. Sheria ya Mtoto inasisitiza kwamba ndugu wasitenganishwe bila sababu na kwamba malezi yasikatike katikati. Mtoto wa miaka tisa aliyelelewa na mama Kijenge tangu kuzaliwa, anayefanya vizuri shuleni, hana sababu ya kisheria ya kung'olewa eti kwa kuwa kafikisha umri.

Imani hii ya miaka saba ina nguvu kwetu kwa sababu inabebwa na ukoo. Huku mlimani kwa Wachaga mtoto wa kiume anaonekana ni mtu wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwa Wameru na Wamaasai vilevile mtoto anahesabiwa upande wa baba. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba kwa mwelekeo huo huo. Sheria ya Ndoa haikuzitupa mila. Inaruhusu mahakama izitazame desturi za jamii ambayo wazazi wanatoka. Lakini inaanza na ustawi wa mtoto, na mila inakuja nyuma yake. Mahari iliyolipwa yote, mbuzi wote na ndafu, haimpi baba hati ya kummiliki mtoto. Mahari isiyolipwa nayo haimpunguzii wajibu wa kumlisha. Naheshimu sana mtoto kujua kwao, kujua kaburi la babu yake na jina la ukoo wake. Hayo yote anaweza kuyapata akiwa analala kwa mama yake.

Desemba ndipo mambo haya hugongana waziwazi. Shule zimefungwa, watu wanapanda Moshi kwa ajili ya Krismasi, mabasi yamejaa. Baba anaomba awapeleke watoto Machame wakamwone babu na bibi. Ombi zuri, na mama anakubali. Januari inafika, mtoto harudi. Simu haipokelewi, au inapokelewa na shangazi anayesema, "Mtoto yuko kwao, wifi, tulia." Wiki moja baadaye mama anasikia kwamba mtoto ameandikishwa shule ya kijijini.

Swali linaloulizwa hapo ni moja: nifanye nini? Kama kuna amri ya mahakama inayompa mama malezi, kumzuia mtoto ni kumwondoa kinyume cha sheria kwenye uangalizi halali, na mama anaweza kurudi mahakama iliyotoa amri. Kama hakuna amri yoyote, na kwa wengi haipo, basi ni lazima aende mahakamani kuiomba, na aende mapema. Kanuni ile ile ya kutomvuruga mtoto inayomlinda mama mwezi Januari inaweza kumlinda baba ifikapo Agosti, mtoto akiwa ameshazoea shule mpya na marafiki wapya. Anayengoja wazee wakae kikao Pasaka anampa mwenzake muda wa kuzoesha. Simlaumu anayengoja, kwa kuwa kumshtaki mzazi mwenzako kunaonekana ni kuvunja udugu. Lakini muda katika kesi za malezi haumsubiri mtu.

Ndiyo maana nashauri makubaliano ya likizo yaandikwe kwa tarehe. "Baba atawaona watoto likizo" ni maneno matupu. Iandikwe wanachukuliwa tarehe ngapi na kurudishwa tarehe ngapi, siku kadhaa kabla ya shule kufunguliwa. Wanakabidhiwa wapi, nani analipa nauli, na mama anaongea nao kwa simu siku zipi. Krismasi ya mwaka huu kwa baba, ya mwakani kwa mama.

Na upande wa pili? Wapo akina baba wanaotuma hela kila mwezi bila kukosa na hawajamwona mtoto tangu waachane. Mtoto anaambiwa baba yake alimkimbia. Jambo hili linaniuma kwa uzito ule ule, na linazungumzwa kidogo mno. Sheria ya Mtoto inasema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, ilimradi ratiba ya masomo haivurugwi. Baba anayenyimwa anapaswa kuomba amri ya kumwona mtoto, huku akiendelea kulipa. Akiacha kulipa ili kumkomoa mama, siku ya kesi atasimama mbele ya hakimu akiwa na doa ambalo hakulihitaji. Kama mama ana hofu ya kweli, labda baba ni mlevi anayepiga, au mtoto aliwahi kurudi na majeraha, hofu hiyo ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii na mahakamani, ambako inaweza kuamriwa baba amwone mtoto mbele ya mtu mwingine. Hatari ikiwa ya leo leo, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ndilo la kwanza. Lakini "simpendi mke wake mpya" si hatari.

Nije kwenye fedha, maana hapo ndipo mikoa yetu ina mambo yake.

Sheria haina jedwali la viwango. Hakuna asilimia fulani ya mshahara, hakuna kiasi fulani kwa kila mtoto. Hakimu anatazama kipato na mali za wazazi, kama kuna maradhi au ulemavu unaopunguza uwezo wa kutafuta, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto zilizotajwa kwenye sheria. Kwa hiyo anayekwenda kuomba matunzo akiwa na hasira tu anatoka na kidogo. Apeleke orodha: kodi, chakula, nauli ya shule, sare, dawa, ada, kila kimoja na risiti pale ilipo. Apeleke ushahidi wa kazi ya mwenzake na mali anazozijua. Naye anayelipa atunze kila ujumbe wa muamala, na aandike kwenye sababu ya malipo kwamba ni matunzo na ya mwezi gani. Hela iliyotolewa mkononi stendi, bila shahidi wala karatasi, ni vigumu sana kuithibitisha baadaye.

Ugumu wa kwetu ni kwamba wanaume wengi hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wapo waongoza watalii, wapagazi na wapishi wa mlimani, madereva wa safari, wachimbaji wa Mirerani, wakulima wa kahawa, madalali. Mtu huyu Agosti ana hela ya kununua pikipiki, na Aprili, masika yakiwa yamepamba moto na lo sizoni, msimu wa wageni wachache, imetanda, anakopa hela ya unga. Ukimwekea kiasi kimoja cha kila mwezi, kinachotokea kinajulikana. Miezi ya wageni analipa vizuri na kinachobaki anakimaliza. Ikifika Aprili anazima simu. Mama anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Deni linarundikana, na mwisho linakuwa kubwa kiasi kwamba baba anaona bora apotee kabisa.

Sheria inaruhusu matunzo yalipwe kwa vipindi au kwa mkupuo, na sielewi kwa nini nafasi hiyo haitumiki zaidi huku Kaskazini. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwongoza watalii anatakiwa kutoa wastani wa shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Anaweza kulipa 200,000 kwa miezi 7 ya kazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Januari na Februari. Na 80,000 kwa miezi 5 iliyobaki. Jumla ni ile ile. Ada ya mwaka mzima ailipe mwezi wa tisa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, wakati mfuko umejaa. Mahakimu na maafisa ustawi wanaoishi kwenye miji hii wanaijua misimu hii kama wanavyoijua mvua. Waiandike ndani ya amri.

Kulipa shuleni moja kwa moja kunajibu pia lile lalamiko la kila siku la akina baba: "Nitoe hela akafaidi mwanaume mwingine?" Ada iende shule, bima ya afya ikatwe kwa jina la mtoto, kinachobaki cha chakula na kodi kitumwe kwa mama. Ila asije baba akalipa ada akajiona amemaliza. Mtoto anakula kila siku, hata likizo. Mama akiolewa tena, wajibu wa baba mzazi hauhamii kwa baba wa kambo. Baba akioa tena na kupata watoto wengine, hao wanahesabiwa, lakini hawawafuti wa kwanza.

Kuhusu shule, kuna hoja ya "shule za serikali ni bure" ambayo hutolewa siku baba anapoamua kumtoa mtoto Ingilishi Midiamu. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016, ni kweli, ingawa sare, madaftari na chakula bado vinamsubiri mzazi. Lakini Sheria ya Mtoto inasema mtoto wa wazazi walioachana ana haki ya matunzo na elimu ya ubora ule aliokuwa nao kabla hawajaachana. Kama uwezo wa kulipa bado upo, kumhamisha mtoto ili kumuumiza mama hakukubaliki kisheria. Kama uwezo umepotea kweli, kampuni imefungwa au mguu umevunjika, mlipaji arudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Kukaa kimya ndiko kunakomharibia.

Asiyelipa kwa makusudi anaweza kuamriwa kipato chake au mali yake ikamatwe. Sheria inataja pia faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 kwa mzazi anayekiuka wajibu wake kwa mtoto. Mimi napendelea njia ya kwanza kila inapowezekana, kwa kuwa mpagazi aliyeko gerezani hapandi mlima, na mwezi huo mtoto hapati hata ile elfu themanini. Amri ya matunzo kwa kawaida inakwenda hadi mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuendelea kama bado yuko masomoni au mafunzoni. Mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19 asiambiwe ameshakuwa mkubwa.

Kwa wasiofunga ndoa jibu ni fupi: mtoto ana haki zile zile. Baba akikana, inaombwa amri ya kuthibitisha uzazi. Mahakama inaangalia jina lililoandikwa kwenye kumbukumbu za vizazi, mila zilizofanywa na baba kumkubali mtoto, kama aliwahi kumtambua mbele za watu, na vipimo vya vinasaba vinavyofanywa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kukataa kupimwa nako kunaweza kuhesabiwa. Akina dada, msiahirishe cheti cha kuzaliwa kwa sababu mmegombana na baba yake.

Mlango wa kwanza kwa wengi ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na ni mlango mzuri. Maafisa hawa wanafanya kazi kubwa kwa nyenzo chache. Lakini karatasi mliyosaini ustawi ni makubaliano. Nguvu ya amri inatoka mahakamani. Nimeona watu wakirudi ofisi ile ile mwaka hadi mwaka na karatasi ile ile iliyochakaa, kila mara baba akiahidi upya. Akishavunja ahadi, chukua karatasi hiyo ikawe ushahidi, uende Mahakama ya Watoto kuomba amri ya matunzo. Kesi inasikilizwa faragha, jirani haingii kusikiliza. Kama talaka yenyewe iko mahakamani, mambo ya watoto yaombwe humo humo. Asiye na hela ya wakili ana haki ya kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Moshi lipo shirika la KWIECO, Arusha wapo TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na kata nyingi zina wasaidizi wa kisheria.

Serikali nayo ina la kufanya. Vituo jumuishi vya utoaji haki vilipozinduliwa mwaka 2021, Arusha ilipata chake, lakini kile cha masuala ya familia kikawa Temeke, Dar es Salaam. Huku kwetu kesi ya mtoto bado inapanga foleni na kesi za viwanja na mikopo. Kaskazini inastahili nafasi ya namna hiyo, yenye mahakimu wa familia, afisa ustawi na msaada wa kisheria chini ya paa moja.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeuliza ni bibi. Mwanawe wa kiume yuko Mirerani, mkwe wake ameenda Dar es Salaam kutafuta maisha, watoto wawili wameachwa kwake Rombo na kila mzazi anadhani mwenzake ndiye anayetuma. Bibi anauza ndizi na maziwa kuwasomesha. Anauliza kama ana haki yoyote, au ni kazi ya bibi tu. Anayo, mama. Ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba apewe malezi yake kisheria, na anaweza kuomba matunzo. Ombi hilo analipeleka dhidi ya wazazi wote wawili.